Maneno Yaliyofutwa: Mabingwa wa Khati wa China ya Kale

Katika sanaa ya khati ya China ziko kazi tatu ambazo wajuzi wamezipa, kwa karne nyingi, daraja la kwanza, la pili na la tatu chini ya mbingu kwa upande wa mwandiko wa mwendo, yaani ule ulio kati ya mwandiko sanifu na mwandiko wa mbio. Ya kwanza iliandikwa na Wang Xizhi mwaka 353, ya pili na Yan Zhenqing mwaka 758, na ya tatu na Su Shi katika miaka iliyofuata uhamisho wake wa mwaka 1080. Ya kwanza ni dibaji ya mashairi yaliyotungwa karamuni, ya pili ni ombolezo la kijana aliyeuawa vitani, na ya tatu ni mashairi mawili ya mtu aliyetengwa na dunia yake katika msimu wa mvua. Zinatofautiana kwa zama, kwa maudhui na kwa sura ya maandishi. Lakini zote tatu zina sifa moja ambayo mtu asingeitarajia katika sanaa yenye nidhamu kali kama hii: zina makosa. Maneno yamefutwa, mengine yamechopekwa kando ya mstari, mengine yameandikwa upya juu ya yale ya kwanza.

Kwa nini watu walioithamini khati kuliko takriban sanaa nyingine zote wakaziweka kileleni karatasi zenye masahihisho? Swali hili linafungua mlango wa swali kubwa zaidi, ambalo Wachina wenyewe walilijadili kwa muda mrefu bila kulimaliza: je, mwandiko wa mtu ni shahidi wa nafsi yake?

Yafaa kuanza na vyombo vya kazi. Mwandishi wa China alikuwa na vitu vinne mezani pake: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino. Brashi ilitengenezwa kwa nywele za mbuzi, sungura au kicheche, zikafungwa katika mwanzi. Wino ulikuwa kipande kikavu cha masizi yaliyochanganywa na gundi, ambacho husagwa taratibu juu ya jiwe kwa maji kidogo. Ama karatasi, historia rasmi ya enzi ya Han inasema kwamba mwaka 105 afisa Cai Lun aliipeleka mbele ya mfalme karatasi iliyotengenezwa kwa magamba ya miti, matambara na nyavu kuukuu, ingawa wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata vipande vya karatasi vilivyotangulia wakati huo.

Brashi laini haisamehi. Ikigandamizwa, mstari hunenepa, ikiinuliwa, hukonda, ikisita, wino hutuama na kuacha doa. Mstari ukishaandikwa haurudiwi kutiwa viraka, kwani kiraka huonekana. Tena kila alama ya Kichina ina utaratibu wake wa mistari, upi utangulie na upi ufuate, na kila msomaji aliyefundwa anaujua. Kwa hiyo atazamaye khati huufuata mkono wa mwandishi hatua kwa hatua: hapa alikwenda mbio, hapa alisita, hapa wino ulimwishia. Hata baada ya miaka elfu, mwendo ule ungali unasomeka. Si ajabu, basi, watu wakaamini kwamba katika mwendo huo wanamwona mtu mwenyewe.

Miandiko hii haikuzaliwa siku moja. Maandishi ya kale kabisa yanayojulikana yalichongwa juu ya mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe katika enzi ya Shang, yapata mwaka 1200 K.K., kwa ajili ya ramli za wafalme. Ufalme wa Qin ulipoiunganisha China mwaka 221 K.K., waziri Li Si aliongoza kazi ya kusawazisha maandishi ya nchi nzima kwa mwandiko wa muhuri, wenye mistari ya unene mmoja na mikunjo ya duara. Ulikuwa mzuri lakini wa polepole. Makarani wa serikali, waliokuwa na hesabu na amri za kuandika kutwa, waliunyoosha na kuubapa, ukapatikana mwandiko wa makarani uliotawala enzi ya Han. Haraka zaidi ikazaa mwandiko wa mbio, ambao bingwa wake wa kwanza mwenye jina kubwa ni Zhang Zhi wa karne ya 2. Yasimuliwa kwamba aliosha brashi zake katika bwawa moja hadi maji yote yakawa meusi. Zhong Yao, aliyefariki mwaka 230, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa mwandiko sanifu, ule ambao umekuwa msingi wa maandishi ya Kichina hadi leo. Baina ya usanifu na mbio ndipo ulipochipuka mwandiko wa mwendo: unaosomeka, lakini haujajifunga vifungo vyote.

Wang Xizhi aliikuta miandiko hii imeshakomaa. Alizaliwa mwaka 303 katika ukoo mkubwa uliohamia kusini baada ya mataifa ya kaskazini kuiteka miji ya kale ya China. Mapokeo yanasema mwalimu wake wa mwanzo alikuwa mwanamke, Bibi Wei, aliyekuwa mfuasi wa njia ya Zhong Yao. Siku ya tatu ya mwezi wa tatu, mwaka 353, Wang akiwa mkuu wa jimbo la Kuaiji, aliwaalika jamaa na marafiki wapatao arubaini katika Banda la Lanting kwa ibada ya kujitakasa ya majira ya kuchipua. Waliketi kando ya kijito kilichopindapinda, vikombe vya pombe vikaelea juu ya maji. Kikombe kikisimama mbele ya mtu, alipaswa kutunga shairi. Akishindwa, alikunywa kwa adhabu. Mwisho wa siku Wang alichukua brashi akaandika dibaji ya mashairi yale: mistari 28, alama 324. Inaanza kwa furaha ya siku njema na anga safi, kisha bila kutangaza inageukia mauti, na jinsi furaha ya sasa itakavyokuwa habari ya kale kwa watakaokuja.

Katika dibaji hiyo neno moja dogo la kiunganishi limerudiwa mara zipatazo ishirini, na kila mara limeandikwa kwa sura nyingine. Hapo wajuzi huona kipaji kisichojirudia. Lakini pia yameachwa masahihisho, kwa sababu ile ilikuwa rasimu. Hadithi iliyoenea inasema kwamba kesho yake, pombe ilipomtoka, Wang alijaribu kuinakili vizuri mara nyingi, asiweze kuifikia ile ya kwanza.

Karne tatu baadaye mfalme Taizong wa enzi ya Tang, aliyetawala tangu mwaka 626 hadi 649, alimpenda Wang kuliko waandishi wote, hata akaandika kwa nafsi yake sifa za Wang katika historia rasmi ya enzi ya Jin. Yasemekana alimtuma afisa aliyejifanya msafiri wa kawaida akamlaghai mtawa mzee aliyekuwa ameificha dibaji ile. Aliamuru mabingwa wa kasri wainakili, na alipofariki, kwa mujibu wa mapokeo, alizikwa nayo. Tangu hapo hapana aliyeiona. Hakuna hata karatasi moja iliyopo leo ambayo wajuzi wote wanakubaliana kuwa iliguswa na mkono wa Wang. Mwaka 1965 mwanachuoni Guo Moruo alizusha mjadala mkali pale alipodai kwamba hata dibaji yenyewe si ya Wang, kwani mawe ya makaburi ya enzi ile yaliyofukuliwa karibu na Nanjing yalikuwa na mwandiko wa sura ya kikale zaidi. Wengine walimjibu kwamba jiwe la kaburi na barua ya rafiki haviandikwi kwa mtindo mmoja. Hivyo sanaa nzima imejengwa juu ya kazi isiyoonekana, inayojulikana kwa nakala tu.

Enzi ya Tang ililipa deni hilo kwa nidhamu. Ouyang Xun, aliyezaliwa mwaka 557, aliandika mwaka 632 maandishi ya jiwe la kasri la Jiucheng, na wanafunzi wa China wamejifunza mwandiko sanifu kwa nakala za jiwe hilo mpaka leo. Kila mstari umekaa mahali pake kama boriti katika nyumba iliyojengwa na fundi asiyebahatisha. Lakini enzi hiyo hiyo ilimzaa Zhang Xu, aliyesifika kwa mwandiko wa mbio usiozuilika, na ambaye, kwa masimulizi, alipolewa alichovya hata nywele zake ndani ya wino. Mwenyewe alisema alipata siri ya mwendo wa brashi kwa kumtazama Bibi Gongsun akicheza ngoma ya upanga. Baada yake akaja mtawa Huaisu, ambaye kwa ufukara wa karatasi alipanda migomba na kufanyia mazoezi juu ya majani yake. Khati yake ya mwaka 777, anamojieleza maisha yake, inaanza kwa utulivu na kumalizikia kwa alama kubwa zinazokimbia kama maji yaliyovunja kingo. Ajuaye kazi hii hapumbazwi na sifa ya wazimu: mkono huo ulikuwa umeshatii sheria zote kabla ya kuziacha.

Yan Zhenqing, aliyezaliwa mwaka 709, alijifunza kwa Zhang Xu, lakini akaelekea kwingine. Mwandiko wake sanifu ni mnene na mpana, wenye mabega, usiojali urembo. Mwaka 755 jemadari An Lushan aliasi, na majimbo mengi ya kaskazini yakasalimu amri bila kupigana. Yan, aliyekuwa mkuu wa Pingyuan, alikataa. Nduguye Yan Gaoqing, mkuu wa Changshan, naye alikataa. Mji wa Changshan ulipotekwa mwaka 756, mtoto wa Gaoqing aitwaye Jiming aliuawa, na Gaoqing mwenyewe akapelekwa Luoyang akauawe. Alimtukana muasi mpaka pumzi ya mwisho. Zaidi ya watu thelathini wa ukoo huo walipoteza maisha. Mwaka 758 ndugu yake Jiming alipokwenda kutafuta mabaki, kilichopatikana cha kijana yule kilikuwa kichwa tu.

Yan alikaa kuandika maneno ya kumwombea. Karatasi ile ipo. Mistari ya mwanzo imetulia: tarehe, vyeo, majina, kama desturi inavyotaka. Inapofika kwenye habari ya mji uliozingirwa na msaada usiofika, alama zinaanza kuyumba na kusongamana. Anaandika neno, analifuta kwa mviringo, anaandika jingine, analirudia lile la kwanza. Brashi inakauka, naye haichovyi, anaendelea kuikokota mpaka mstari unabaki mikwaruzo. Kati ya alama zaidi ya 260 zilizoandikwa, zaidi ya 30 zimefutwa. Kama ilikuwako nakala safi ya kusomwa mbele ya mabaki ya marehemu, haikufika kwetu. Iliyobaki ni hii, ambayo mwandishi wake hakudhani kwamba kuna atakayeitazama.

Mwaka 783, Yan akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, waziri aliyemchukia alishauri atumwe kwa muasi mwingine, Li Xilie. Alikwenda huku akijua, akazuiliwa, akakataa vyeo alivyoahidiwa, na mwaka 785 akanyongwa. Kwa maisha kama haya, watu walisoma unene wa mistari yake kuwa ndio uimara wa moyo wake. Bingwa aliyemfuata, Liu Gongquan, alipoulizwa na mfalme Muzong namna ya kutumia brashi, alijibu kwamba brashi hunyooka pale moyo unaponyooka. Mfalme alielewa kwamba anaonywa kwa njia ya khati. Tangu hapo wazo hilo likawa kama kanuni: mwandiko ni mtu.

Aliyethubutu kuitia shaka kanuni hii ni Su Shi, mshairi mkubwa wa enzi ya Song, aliyezaliwa mwaka 1037. Alikubali kwamba watu wa kale walipopima khati walipima pia maisha ya mwandishi, na kwamba mtu asiyefaa, hata akiwa fundi, kazi yake haikuthaminiwa. Lakini akauliza: je, kweli tunaiona tabia ndani ya mistari, au tunaiona kwa kuwa tumeshaambiwa? Akakumbusha hekaya ya kale ya mtu aliyepoteza shoka akamshuku jirani. Kila alichofanya jirani, mwendo wake na maneno yake, vikawa vya mwizi. Shoka lilipopatikana, jirani akaonekana mtu kama watu wengine.

Su Shi alijua uzito wa kushukiwa. Mwaka 1079 alikamatwa kwa ajili ya mashairi yake, yaliyodaiwa kuidhihaki serikali, akafungwa miezi kadhaa, kisha akapelekwa Huangzhou, kando ya mto Yangzi, bila kazi wala mshahara wa kutosha. Alilima shamba dogo mlimani upande wa mashariki, na hapo ndipo alipojipa jina la Dongpo. Majira ya sikukuu ya Chakula Baridi, ambapo kwa desturi moto hauwashwi majumbani, mwaka wake wa tatu pale, alitunga mashairi mawili juu ya mvua isiyokoma, jiko lililokufa na njia ya kurudi iliyofungwa. Alipoyaandika kwa khati, alama 129 katika mistari 17, alianza kwa alama ndogo za kadiri, kisha zikakua, zikalala upande, na chache zikashusha mkia mrefu unaolipasua shairi kwa uwazi mtupu. Humo pia liko neno lililokosewa, likatiwa nukta za kulifuta. Mwaka 1100 rafiki yake Huang Tingjian, naye bingwa wa khati, aliandika pembeni yake kwamba hata Su mwenyewe akiambiwa airudie, huenda asiweze. Ni hukumu ile ile iliyosimuliwa juu ya Wang.

Shaka ya Su Shi ilipata ushahidi baada ya kifo chake cha mwaka 1101. Kiti cha enzi kilikaliwa na Huizong, mfalme aliyekuwa msanii kwelikweli, mbunifu wa mwandiko mwembamba na mkali unaoitwa dhahabu nyembamba. Waziri wake mkuu Cai Jing alikuwa miongoni mwa mafundi bora wa khati wa zama zake. Wakaitumia sanaa hiyo kuwaangamiza wapinzani. Mwaka 1102 mfalme aliandika kwa mkono wake orodha ya waliolaaniwa, ikachongwa juu ya jiwe. Mwaka 1104 Cai Jing aliiandika upya ikiwa na majina 309, Su Shi na Huang Tingjian wakiwemo, ikasambazwa nchi nzima ichongwe. Vitabu vya Su viliamriwa kuharibiwa. Mjini Chang'an mchonga mawe aitwaye An Min aliomba asamehewe kazi hiyo, akisema kwamba yeye ni mtu asiyejua mambo, lakini Sima Guang, mmoja wa waliotajwa, anajulikana na watu wote kuwa mwadilifu. Alipotishwa, aliomba jambo moja tu: jina lake kama mchongaji lisiandikwe chini ya jiwe. Aliogopa vizazi vijavyo.

Mwaka 1106 nyota yenye mkia ilionekana angani, mfalme akaingiwa na hofu, mawe yakavunjwa. Mwaka 1127 Wajurcheni walimchukua Huizong mateka, akafia utumwani mwaka 1135. Cai Jing alikuwa ameshakufa mwaka 1126 njiani kuelekea uhamishoni. Wapo wasemao kwamba yeye ndiye aliyekuwa Cai katika mabingwa wanne wa khati wa Song, na kwamba watu walimwondoa wakamweka Cai Xiang, mwenye jina la ukoo huo huo lakini mwenye sifa njema. Ikiwa ni hivyo, basi mwandiko haukubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni walichokijua watu. Na mwaka 1198, huko Guilin, orodha ile ilichongwa tena juu ya mwamba, kwa nakala iliyohifadhiwa na mzao wa mmoja wa waliolaaniwa. Majina yaleyale sasa yalikuwa fahari. Mkono mzuri wa Cai Jing ukabaki ukitangaza heshima ya watu aliotaka wasahauliwe.

Basi, khati si shahidi wa wema wa mtu. Mkono wa waziri dhalimu unaweza kuwa mtulivu na wa kupendeza. Ambacho khati hukishuhudia ni kidogo zaidi na cha hakika zaidi: kilichokuwa kikipita ndani ya mtu wakati ule brashi ilipokuwa ikienda, iwapo mkono umefundwa kiasi cha kutosha na mwenyewe hajishughulishi na kuonekana. Jiwe la Cai Jing liliandikwa ili lionekane. Wang, Yan na Su waliandika huku fikra zao zikiwa kwingine, kwa marafiki watakaokufa, kwa kijana aliyekufa, kwa nyumba isiyorudika. Miaka ya mazoezi ilikuwa imeshaingia mkononi, nao hawakuwa na haja ya kuikumbuka.

Ombolezo la Yan na mashairi ya Su yamo leo katika jumba la makumbusho la kasri huko Taipei, na nakala mashuhuri ya dibaji ya Wang imo Beijing. Mashairi ya Su yaliungua kidogo ukingoni, na mwaka 1923, katika tetemeko kubwa la Japani, mmiliki wake wa wakati huo aliyatoa ndani ya nyumba iliyokuwa ikiteketea. Ombolezo la Yan lilipoonyeshwa Tokyo mwaka 2019, wengi nchini China walikasirika, kwa kuogopa safari na mwanga visiidhuru karatasi ile. Watu hawagombani hivyo kwa ajili ya urembo tu.

Nakala ya dibaji iliyoko Beijing inanasibishwa na Feng Chengsu, mnakili wa kasri la Taizong. Yeye hakunakili mistari mizuri peke yake. Palipokuwa na neno lililochopekwa, alilichopeka. Palipoandikwa neno juu ya neno, alitia wino mzito juu ya wino hafifu. Hata nywele za brashi zilipopasuka mwishoni mwa mstari, aliuchora mpasuko wake. Angeweza kumpelekea mfalme dibaji safi isiyo na doa. Lakini alielewa kwamba huyo asingekuwa Wang.